Utani

Kabla sijalijua jina langu niliujua utani wake:
"Mume wangu, njoo unikune mgongo,"
na nyumba nzima, barabara ya kumi na nane, Ngamiani,
ikacheka. Baba alicheka.
Shangazi Mwanahija alicheka hadi kanga ikamdondoka.
Ndivyo bibi anavyomwita mjukuu,
hasa mjukuu aliyepewa jina la marehemu.
Mbaruku mkubwa yuko makaburini.
Mbaruku mdogo yuko mapajani mwa mjane,
analambishwa sukari guru
ambayo hakuna mtoto mwingine aliyeionja.

Babu alifanya kazi korona, kwenye mkonge wa Pongwe.
Mashine ilimla kidole cha pete.
Hili sikuambiwa na mtu.
Nilipotimiza miaka saba kidole changu kililala,
hakikuamka.
Mama alikitia kwenye maji ya chumvi, akakifinya,
akakichoma sindano.
Akanitazama usoni,
kisha akamtazama baba.
Baba akainuka, akasema anakwenda kununua betri za redio.
Redio ilikuwa inasoma taarifa ya habari, sauti safi kabisa.

Usiku bibi alinijaribu.
"Mume wangu, ufunguo wa kasha uliuweka wapi?"
Nikasema: chini ya mbuzi ya nazi ya zamani, uani.
Asubuhi ulikuwa pale, umekula kutu.
Alicheka peke yake gizani,
akanivuta shuka hadi kidevuni,
kisha, baada ya kufikiri kidogo,
hadi juu ya macho.

Nguo zake zilinienea kabla ya wakati:
kanzu, makubazi,
hata koti la mvua lenye tundu la sigara mfukoni.
Nilizipeleka kwa fundi Tindwa azipunguze.
Akanipima, akakunja futi yake, akanirudishia.
"Sina pa kukata," alisema. "Ni wewe uliyekatwa kwa kipimo chake."

Kuhusu kifo husema: tumbo.
Wakisema hivyo wote hutazama sakafu.
Lakini ulimi wangu una kumbukumbu isiyo yangu:
iliki, tangawizi,
na nyuma yake kitu kama senti ya shaba
iliyoshikwa mno kiganjani.

Leo nimemleta Rukaiya.
Dera la kijani, sahani ya visheti imefunikwa kawa.
Bibi, ambaye macho yake yamefunga utando,
alimpapasa mashavu, akashuka shingoni,
akatulia hapo.
"Karibu, mke mwenzangu."
Nyumba ikacheka.
Rukaiya naye akacheka, kwa sababu ni mila,
kwa sababu amelelewa vizuri.
Kidole kilicholala kikaanza kuuma, pale kilipokatikia.

Babu naye alimleta mke wa pili,
siku kama hii, baada ya alasiri.
Hili nalo sikuambiwa. Nalikumbuka:
haya zake, vumbi kwenye viatu vyake,
sahani ya visheti.

Chai imechemka. Bibi hataki kusaidiwa.
Anatia sukari mwenyewe akihesabu kwa sauti,
moja, mbili, tatu, nne.
Mimi natumia mbili.
Nne alitumia yeye.

Baba amehamishia kigoda chake mlangoni.
Shangazi ameuma pindo la kanga.
Mama amefunga dirisha la barabarani,
mchana huu, na joto hili la Tanga.
Nawatazama mmoja mmoja.
Hakuna mwenye uso wa mtu asiyejua.
Walinipa jina lile
kama mtu anavyorudisha sufuria aliyoazima:
limesuguliwa, linang'aa, lina deni ndani.

"Kunywa, mume wangu."

Hakuna aliyecheka safari hii.
Nakishika kikombe kwa vidole vinne.
Mvuke unanigusa mdomo: iliki, tangawizi.
Rukaiya ananisukuma kiwiko, anatabasamu,
ananong'ona,
"Kunywa basi. Bibi anatania tu."