Neno Lililoachwa

Juu ya duka la vipuri, Makadara,
tuko watano na nakala tatu,
moja fotokopi iliyokoma ukurasa wa tisini,
mashine ilipoishiwa wino.
Riwaya ya Kikurdi, imetujia kwa Kiingereza;
sisi twaizozania kwa Kimvita,
katlesi zikipoa.

Shekuwe hakuimaliza. Asema milima imezidi.
Munira alilia pale mtoto alipochapwa shuleni
kwa kuomba maji kwa lugha ya mamake.

Kisha tukakwama: neno moja
mfasiri kaliacha lilivyo, bila tanbihi.
Ni mkate? Ni mbeleko?
Khelef akatoa simu alitafute.

"Hebu iweke," akasema Bi Mwanakombo,
aliyekuwa kimya tangu laasiri.
"Darasa la nne niliandika *mato*.
Mwalimu akayakata kwa wino mwekundu,
juu yake akaandika *macho*.
Hili limevuka mipaka yote hiyo halikukatwa,
nanyi mwataka kulipekua?"

Tukalisoma kwa sauti, kila mtu na lake,
pengine sote tukikosea.

Shekuwe kaondoka na nakala yangu.