Riba ya Saa Nane

Saa moja asubuhi, Makoroboi bado inafungua kufuli,
Mutalemwa anagonganisha vikombe,
nami nakunywa cha kwanza nimesimama,
bila kashata, bila neno.
Cha pili ni cha kunifikisha kazini.
Cha tatu, saa tano, ndicho kinachocheka na wateja:
"Karibu mama Nyanzobe, rejesho umekuja nalo?"
Wenzangu wanadhani ni mimi ninayecheka.

Kazi yangu ni kukopesha. Naijua mikopo kwa harufu.
Anayekopa ili alipe mkopo
huandika upesi, hatazami riba.
Ningeletewa faili langu mwenyewe mezani
nisingeweka saini.

Haikuanza na msiba. Ningekuwa na msiba ningesema.
Ilianza masika, usiku ule wadudu wa ziwani
walipoifunika taa ya barazani.
Asubuhi nikafagia mbawa, ndoo nzima,
na nilipomaliza sikuona sababu ya kuweka ufagio chini
wala ya kuendelea kuushika.

Kisha kahawa. Kikombe kidogo kama ganda la yai,
nyeusi kama jiwe lililonyeshewa,
na kwa nusu saa dunia inapata kingo,
ugali unakuwa na ladha,
napiga ile simu niliyoiahirisha wiki tatu.
Halafu inashuka.
Naongeza.

Usiku ndio unaodai.
Saa nane. Nyumba yetu ya Mabatini imekalia mawe,
na mawe nayo hayajalala, yanatema polepole joto la mchana.
Masalu anakoroma. Moyo wangu unapiga,
unapiga hesabu.
Kule chini taa za wavuvi wa dagaa zimetanda majini.
Wale wanakesha kwa faida.
Mimi nimeamsha macho tu;
nilichotaka kukiamsha
kimejifunika shuka gubigubi, mchana na usiku.

Kunakucha nimechoka kuliko jana,
kwa hiyo, naam, kikombe.

Juzi jioni nilimnyooshea Mutalemwa sarafu.
Hakuipokea.
"Dada Limi, kwetu Bukoba
buni hupewa mgeni atafune,
mazungumzo yapate pa kuanzia.
Wewe huu mwezi wa tatu unakunywa, huongei.
Huyo mgeni uliyemkaribisha ni nani?"

Nikakaa juu ya kreti la soda.
Nikaomba maji.
Akanipa maji, akaendelea kupuliza makaa yake
kana kwamba hakuuliza kitu.

Usiku ule sikulala, nisidanganye.
Usingizi ulinipitia saa kumi,
nikaamka kichwa kikigonga kama vikombe vyake.
Ila kati ya saa nane na saa kumi
sikuhesabu.
Nilimtaja mgeni, mara moja, kwa jina lake,
kwa sauti ndogo, mume wangu asiamke.

Aliamka.