Kituo cha Kumi na Nne

Saa tisa usiku, Februari, kaskazini mwa Visiwa vya Faroe.
Meli yetu Svartbakur inanguruma papo hapo,
haiendi, hairudi:
kazi yake ni kusimama mahali pasipo na alama,
na kusimama juu ya wimbi ni kazi kuliko kwenda.

Mimi ni Rannvá, wa winchi.
Wataalamu wako ndani, penye joto na kahawa,
wananitajia namba kwa redio:
mia tano. Elfu. Taratibu sasa, Rannvá.
Nami nalegeza kebo
kama mama anayemlaza mtoto aliyekwisha kusinzia.

Zinashuka chupa ishirini na nne, midomo wazi,
zinapita maji ya juu, yaliyokuja na joto la kusini,
zinapita giza, kisha giza la giza,
hadi kwenye maji mazito yaliyozama kule kwenye barafu
na sasa yanatambaa sakafuni kuelekea Atlantiki,
bila haraka, bila kelele,
kama deni.

Huko chini chupa moja inafumba mdomo.
Hatuisikii. Taa ya kijani inawaka, basi.
Maji yakimwagika hayazoleki, husemwa.
Sisi tunayazoa, lita kumi kumi,
kila chupa na kina chake, na saa yake.

Kabla ya taa za kijani alikuwapo Høgni.
Alisoma vipimajoto kwa kioo cha kukuzia,
kiko mdomoni, kimezimika,
akaandika kwa penseli, maana wino huyaogopa maji.
Daftari lake nimelifungua mara nyingi:
kituo cha kumi na nne, mita elfu moja na mia mbili.
Nukta nane chini ya sifuri.
Nukta nane.
Nukta nane.
Samaki waliadimika, serikali zikaanguka, nukta nane.
Kisha, mwaka aliozaliwa binti yangu: nukta saba.

Kaka yangu Eyðun, nahodha wa meli ya uvuvi, alicheka.
"Nukta moja? Hata chai haiwezi kuihisi."
Høgni hakucheka.
Alivua miwani, akaifuta, akafungua chupa ya pili.
Ileile.
Akaenda shetri akasimama peke yake
mpaka mpishi akampelekea koti.

Usiku wa leo nimefunga kwenye fremu, ndani ya soksi,
kikombe cha povu alichochora Sunnuva: nyangumi mwenye meno.
Kimerudi kidogo kama kastabini.
Bahari imekikamua pumzi yote,
lakini meno yapo, yote, yamebanana tu.
Najua ataniuliza kama nyangumi aliumia.
Sijapata jibu.

Hii ndiyo safari ya mwisho ya Svartbakur. Imeuzwa, itakatwa vipande.
Kuna maboya ya manjano sasa, yanazama na kuibuka yenyewe,
hayatapiki, hayadai mshahara wa usiku.
Ni mazuri. Nimeyashusha baharini mimi mwenyewe.
Lakini nani atakayeshikilia kituo hiki, hikihiki,
upepo ukivuma kinyume na hamu ya kila mtu?

Vipimo vikiisha, maji yaliyobaki humwagwa.
Mimi nilijaza chupa ya jemu.

Jumapili nikampelekea Høgni kwenye nyumba ya wazee.
Aliishika kwa ncha za vidole, akaiweka dirishani haraka.
"Usiipashe," aliniambia,
kana kwamba ningeweza kuirudisha ilikotoka.
Alifunua, akachovya kidole, akaonja,
akanyamaza kwa muda wa kushusha kebo nusu.

"Ngapi?"

Nukta sita, nikasema.

Hakuniuliza habari za meli.
Alipapasa mfuko wa shati, mtupu,
akapapasa ule mwingine,
akaninyoshea mkono.

Nikampa penseli.