Kidato cha Nane

Ngazi ya nyumba yetu Kibokoni ina vidato kumi na vinane.
Navihesabu nikipanda, navihesabu nikishuka,
na cha nane sikikanyagi.
Usiniulize kwa nini.
(Haya, umeuliza: kina ufa,
na nilipokuwa na miaka sita niliona mende
akiingia humo asitoke.)

Juzi, tukimenya vitunguu vya pilau ya harusi,
Shufaa wa kakangu, karudi chuoni na simu mpya,
akaniona nikitenga: vidogo huku, vikubwa kule,
vyenye pacha mbali, peke yao.
"Shangazi," akasema, "wewe una usonji."
Akanisomea maswali kumi na manne,
akanipa alama kumi na moja,
na ua mzima ukacheka hadi sufuria zikaitikia.

Mara likawa sinia la haluwa, kila mtu akamega.
Bi Rukiya hali samaki mwenye kichwa: usonji.
Mumewe hunyoosha mkeka kila akipita: usonji.
Yule karani wa Tononoka asiyekutazama machoni
mpaka umtie kitu mkononi: usonji mkubwa huo!
Hata paka wa jirani, asiyelala
ila juu ya kifuniko cha mtungi uleule.

Nami nilicheka. Siongopi, nilifurahi kidogo:
miaka hamsini na miwili naitwa Bi Visa,
leo visa vyangu vimepata jina la daktari.

Zamani mtaa ulikuwa na lakabu kwa kila mtu.
Mjomba Twalib, aliyerudi mara tatu
kuivuta kufuli ya duka lake, alikuwa Kufuli.
Binti wa muuza mofa, aliyezungumza na kuku tu,
Mama Kuku mpaka kwenye kadi ya arusi yake.
Ilibana au ilipwaya, ilikuwa kanzu yako, umeshonewa.
Hii ya sasa ni ya kuazima,
yapita bega hadi bega bila kufuliwa.

Nilikuwa nikitaka kulisema hilo, nisifiwe,
ndipo nikasikia kisu cha Mwanamkuu kimenyamaza.

Hakukasirika. Afadhali angekasirika.
Alifuta machozi, ya vitunguu au ya nini,
akasema polepole, kama anayehesabu chenji:
"Neno hilo mimi nililitafuta kwa miguu.
Makadara wakanambia mtoto kadekezwa.
Mganga wa Kisauni, jini wa bahari, lete kuku mwekundu.
Mama mkwe akasema ni ulimi wangu.
Miaka minne. Feswal akijiuma mkono hadi damu
kila blenda ya jirani ikiwaka,
nami sijui kama anaumwa au ananichukia.
Siku daktari alipolitamka, nililala usingizi.
Sasa naona mwaligawa na chai."

Mtu akafungua mfereji, hakuwa na cha kuosha.

Baadaye, jikoni, Shufaa akanivuta leso.
"Shangazi, chuoni mimi hujifungia msalani
saa ya chakula, kelele zikinishinda.
Sikuwa nacheka. Nilikuwa nauliza."
Nikashika ungo, nikapepeta mchele uliokwisha pepetwa.

Nikamkumbuka Kufuli,
aliyefia ndani, funguo mkononi, komeo limetiwa,
sisi nje tukiambiana: mwacheni, ndivyo alivyo.
Lakabu ile ilimtosha?
Hakuna aliyemuuliza.

Usiku nikapanda. Tano, sita, saba.
Nikasimama, kiganja ukutani.
Nikakigusa cha nane kwa ncha ya kidole cha mguu,
nione kama kitaniuma.
Hakikuniuma.
Nikakiruka vilevile.

Na ng'ambo ya ukuta, mtu akawasha blenda,
saa nne ya usiku, juisi ya ukwaju sijui,
nikabaki pale kwenye cha tisa nikihesabu,
moja, mbili, tatu,
mpaka akaizima.