Ratiba ya Machi

Juu ya kitambaa cha meza chenye maua yaliyofifia
nimetandaza ramani, na mbegu za tikiti ziwe vituo.
Hii Nukus. Hii Moynak.
Hii ya pembeni ni bahari.
Perdebay anaisukuma kwa kidole, taratibu,
mpaka inaanguka sakafuni.
"Pale ilikuwa mwaka jana," anasema. "Andika upya."

Wageni ni watatu: walimu wawili wa Samarkandi
na binti yao, mwenye kinasa sauti.
Wamelipia siku mbili na nusu.
Wanataka makumbusho, wanataka makaburi ya Mizdakhan,
wanataka kulala katika hema la sufu
na kumkuta ngamia mlangoni alfajiri,
kana kwamba ngamia naye kapewa saa.

Nahesabu. Petroli, madumu mawili. Maji, ongeza dumu.
Mikate kumi na minne, ya tanuri letu.
Vitambaa vya kufunika pua:
upepo wa chumvi haubishi hodi.
Mzee Sarsenbay atapiga kobizi jioni, akiamka vizuri.
Akiamka vibaya atakohoa,
na kinasa sauti kitanasa kikohozi.
Hiyo nayo ni sauti ya kwetu.

Waliuliza: kutoka mjini hadi majini ni mbali kiasi gani?
Nikaandika: saa tano, gari likikubali.
Mama mkwe alikuwa akisoma nyuma ya bega langu,
yeye aliyepanga samaki makoponi, kiwandani,
kabla mimi sijazaliwa.
Akaninyang'anya penseli.
*Hatua arobaini*, akaandika.
Kisha akaketi.
Sikufuta.

Ikabaki siku ya tatu, ile nusu.
Perdebay akasema tuwapeleke sokoni, wanunue kofia.
Mama mkwe hakujibu. Alitoka,
tukasikia vyuma vikigongana bandani.
Akarudi na majembe matatu, na la nne fupi, lake,
na miche ya saksauli ndani ya gunia lililoloweshwa.

"Siku mbili watakuwa wamekula," alisema.
"Na kule bahari ilikokuwa ikilala, pana nafasi."

Mama, nikasema, hawa wanakuja kutazama.

"Basi wapande cha kutazamwa."

Perdebay akacheka, akaenda kukaza mpini uliolegea.
Nami nikaongeza mstari mmoja, chini kabisa,
baada ya saa ya treni ya kurudi:
*Njooni na viatu msivyovipenda.*