Mkono wa Somoe

Mnadani Tandahimba, mzani wa chama umegoma tangu asubuhi,
Somoe Chitanda aliinua mkono.
Nilikuwa nyuma yake
na stakabadhi iliyolowa jasho.

Kesho yake picha moja, magazeti mawili.
Kwa kinyozi Nandonde:
MKULIMA ASHANGILIA BEI.
Ng'ambo ya barabara, kwa muuza vocha:
MKULIMA AIKATAA BEI.
Mkono uleule. Hata ile bangili ya shaba.

Kufika adhuhuri kijiwe kimepasuka.
Shemeji yake kaondoka kanyolewa upande mmoja,
mumewe anaulizwa njiani, "Mkeo naye kahamia kule?"
Nikasema, jamani, mimi nilikuwepo.
Wakanigeukia wote:
"Wewe ulisoma lipi?"

Jioni nilimkuta Somoe anabangua,
mafuta ya maganda yamemla ncha za vidole.
"Nilikuwa namwita Shaweji," akasema,
"kiroba changu kimoja kilibaki kwenye baiskeli."
Akabangua ya pili, ya tatu.
Akautazama ule mkono
kama wa mgeni aliyeingia bila hodi.

"Lakini bei ile…
au kweli nilishangilia?"