Sanduku la Wakili Daruwala

Babu yangu hakuwa wakili. Alikuwa karani wa wakili,
yule aliyetembea na sanduku la bati nyuma ya punda
Nairobi ilipokuwa mahema, reli na tope jeusi,
na korti ikikaa Jumanne ndani ya ghala la mahindi.

Daruwala alishuka kituoni na vitabu kumi na viwili.
Kumi vikaliwa na mchwa kabla ya masika kwisha.
"Iliyobaki," alisema, "tutaibeba kichwani."
Na mbele ya hakimu aliyesinzia kwa homa
alitaja vifungu ambavyo babu aliapa havikuwahi kuandikwa.

Malipo yake yamo humu, kwa mwandiko wa babu:
kuku wawili, mpaka wa shamba la viazi.
Debe la samli, talaka.
Nzioki mchukuzi, wizi wa misumari ya reli: hakutoa kitu.
Pembeni, kwa wino mwingine: ameachiliwa.

Kisha akatamani kiti cha baraza la mji.
Alipanda pipa la mafuta ya taa pale Bazaa,
Kiswahili chake kikiwavunja watu mbavu,
akaahidi mitaro, taa, maji ya bomba.
Akashindwa kwa kura nne. Akasimama tena. Akapita.

Hapo daftari linanyamaza.
Babu alinisimulia mara moja tu, akichambua maharagwe, asinitazame:
lilikuja azimio la kubomoa vibanda vya kando ya mto,
wakasema ni panya, ni tauni, ni afya ya mji.
Mikono ikainuka. Wa wakili ukakawia
kama wa mtu anayepima manyunyu,
halafu ukapanda.
Kibanda kimoja kilikuwa cha Nzioki.
Kimoja chetu.

Jioni ile alikuja mwenyewe, akavua kofia,
akamsaidia babu kung'oa madebe ya paa.
Hakusema neno. Babu naye hakusema.
Kesho yake alifika kazini saa mbili kamili,
maana karo ni karo.

Juzi nilipita pale. Pana maegesho ya magari,
kijana anauza miwani ya jua,
na mtaro ulioahidiwa upo, umeziba.

Chini kabisa ya sanduku nimekuta karatasi,
mwandiko si wa babu:
Nadaiwa na karani wangu, nyumba moja.
Haina sahihi, haina tarehe.
Na babu, aliyejifunza sheria kwa kusikiliza tu,
aliitunza hadi kufa,
akijua hakuna korti itakayoipokea.